Kloroplasti, mitokondria na peroksisomu zinasaidianaje? Maswali yanayoulizwa sana

Nafundisha bayolojia kidato cha tano na sita, na kila mwaka lazima nikute sentensi hii kwenye daftari la mtu: "Mmea hufanya usanisinuru mchana na hupumua usiku." Inaonekana safi, inakaririka vizuri, na ni makosa, kwa sababu mmea hupumua saa zote, mchana na usiku. Imekaa vichwani mwa watu kiasi kwamba hata aliyemaliza chuo anaweza kukuambia hivyohivyo bila wasiwasi wowote. Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na kwa wakulima wawili watatu wanaonipigia simu, nikajaribu kuyajibu kwa lugha tunayoongea. Kloroplasti ni kile kidonge cha kijani ndani ya seli kinachotengeneza sukari kwa mwanga wa jua (ndo usanisinuru), mitokondria ni kile kinachochoma sukari hiyo kutoa nishati (ndo kupumua kwenyewe), na peroksisomu nitaieleza mbele. ATP nitaitaja sana, we ichukulie tu kwamba ndo nishati ambayo seli inaweza kuitumia papo hapo, karibu kila kazi ndani ya seli inalipiwa kwa ATP.

Kwani mmea nao una mitokondria? Mi nilijua ni za wanyama.

Unazo, tena nyingi, seli moja ya jani inaweza kuwa na mamia. Kosa hili linatokana na ile michoro miwili ya kitabuni, seli ya mnyama huku, seli ya mmea kule, mwanafunzi anatafuta kipi kimeongezeka upande wa mmea, anaona kloroplasti, basi anahitimisha kwamba kloroplasti imechukua nafasi ya mitokondria. Haijachukua. Fikiria muhogo ulioko ardhini, au mzizi wa mwembe uliozama mita kadhaa chini, huko hakuna mwanga hata chembe, hakuna usanisinuru, na bado mzizi unakua, unasukuma udongo, unavuta madini. Nguvu yote hiyo inatoka kwenye mitokondria zinazochoma sukari iliyoshushwa kutoka kwenye majani.

Sasa kama kloroplasti inatengeneza ATP yake yenyewe kwa jua, mchana mitokondria inafanya kazi gani?

Hili ndo swali lenyewe, ukilielewa hili mengine yote yanafuata.

Ni kweli kloroplasti inatengeneza ATP nyingi sana mchana, lakini sehemu kubwa inaliwa humohumo ndani. Kukamata molekuli moja tu ya kaboni dioksidi na kuiingiza kwenye sukari kunagharimu ATP 3 na NADPH 2, NADPH ni kile kibebeo cha elektroni zenye nguvu. Mpaka upate sukari moja ya kaboni 6, ATP 18 zimeshaondoka. Alafu utando wa kloroplasti ya jani lililokomaa haupitishi ATP kirahisi kwenda nje. Na huko nje, kwenye saitoplazimu, ule ute unaojaza seli, kuna kazi kibao, kuunganisha sukrosi, kutengeneza protini, kusukuma madini, kupakia sukari kwenye mirija ya floemu ishuke mizizini. ATP ya kazi zote hizo sehemu kubwa inatoka mitokondria, mchana kweupe, jua likiwaka.

Darasani huwa nawaambia hivi: ATP ni kama ugali, unapikwa na kuliwa palepale ukiwa wa moto, hakuna mtu anayesafirisha ugali toka Mbeya mpaka Dar. Kinachosafirishwa ni unga. Kwa hiyo kloroplasti inatoa unga, na kila anayehitaji anaupikia kwake.

Huo unga upo wa aina mbili kuu. Wa kwanza ni triozi fosfati, kisukari kidogo cha kaboni tatu. Kinatoka kupitia mlango maalum kwenye utando, na mlango huo unafanya kazi kwa kubadilishana, ikitoka triozi fosfati moja inaingia fosfati moja, bila hivyo haufunguki. Nje kule triozi fosfati nyingine zinakuwa sukrosi, nyingine zinavunjwavunjwa zinaingia mitokondria. Sukrosi ikishatengenezwa fosfati inaachiwa, inarudi kloroplasti kwenda kutengenezea ATP nyingine. Ukizuia huko nje, mfano sukari haina pa kwenda, fosfati hairudi, kloroplasti inaanza kurundika wanga ndani yake na kasi ya usanisinuru inashuka. Yaani kiwanda kinapunguza kasi kwa sababu magunia tupu hayajarudi.

Unga wa pili ni maleti, na huu wengi hawajawahi kuusikia. Saa sita mchana jua likiwa kali, elektroni zinazalishwa kwenye thailakoidi, vile vifuko bapa vya ndani ya kloroplasti vinavyonasa mwanga, haraka kuliko zinavyotumika. Elektroni zikikosa pa kwenda zinaishia kurukia oksijeni na kutengeneza vitu vyenye sumu vinavyochoma kloroplasti yenyewe. Kwa hiyo kloroplasti inazipakia elektroni za ziada kwenye asidi iitwayo oksaloasetiti, inakuwa maleti, maleti inatoka nje, na mwisho wa safari mitokondria inazipokea elektroni zile. Inaweza kuzitumia kutengeneza ATP, na ikizidiwa ina njia ya pembeni, kimeng'enya (protini inayoendesha kazi ya kikemia ndani ya seli) kinachoitwa oksidesi mbadala, ambacho kinazipeleka elektroni kwenye oksijeni bila kutengeneza ATP nyingi, nguvu iliyobaki inatoka kama joto. Watu wanaiona njia hii kama hasara, mi naiona kama ile pini ya presha kuka, ukiiziba ndo utajua kazi yake.

Na kuna mzigo unaotoka mitokondria kwenda kloroplasti pia. Ukiweka yurea kwenye mahindi, baada ya siku chache yanakoza kijani, si ndio? Naitrojeni ile ikifika kwenye jani katika hali ya naitreti, inabadilishwa hatua kwa hatua mpaka amonia, na hatua ya kuishika amonia iwe asidi amino inafanyika ndani ya kloroplasti. Ila kloroplasti inahitaji kiunzi cha kaboni cha kuibandikia hiyo amonia, na kiunzi hicho asili yake ni mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa hatua za kuvunjavunja chakula, kazi ambayo mitokondria ndo mshiriki mkuu. Bila mitokondria, mbolea yako ingekaa tu ndani ya jani bila kuwa protini.

ATP ya kloroplasti na ya mitokondria zinatengenezwa kwa njia tofauti?

Chanzo tofauti, mashine ileile. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema kwamba seli inasukuma protoni, chembe ndogo za haidrojeni zenye chaji chanya, upande mmoja wa utando mpaka zinajazana, alafu zinaporudi zinapita kwenye mashine inayozunguka na kuunganisha ATP, kama maji ya bwawa yanavyozungusha mtambo wa umeme. Wengi hawakumkubali, ila mwaka 1978 akapewa Nobel. Jaribio ninalolipenda mimi ni la André Jagendorf na Ernest Uribe, 1966. Walichukua thailakoidi za spinachi, wakaziweka gizani kwenye asidi ya pH 4 mpaka zikajaa protoni ndani, kisha ghafla wakazihamishia kwenye pH 8, ambayo sio asidi tena. Zikatengeneza ATP, gizani, bila mwanga wowote! Yaani mwanga kazi yake ilikuwa kujaza bwawa tu.

Tofauti iko kwenye elektroni. Kloroplasti inazing'oa kwenye maji na kuacha oksijeni, mitokondria inazitoa kwenye chakula na kuzikabidhi kwa oksijeni, yanatokea maji. Ukiangalia vizuri, mmoja anaanzia pale mwenzake anapoishia.

Peroksisomu nimeiona kwenye mchoro lakini hakuna mtu aliyewahi kunieleza inafanya nini.

Ni kweli inaonewa sana, wengi wanaichora kiduara kimoja tu pembeni bila hata kuitaja. Ila mimea yetu ya ukanda wa joto haiwezi kuishi bila hiyo, na stori yake inaanza kwenye kloroplasti.

Kimeng'enya kinachokamata kaboni dioksidi kinaitwa rubisko. Kiko kwa wingi mno, kwenye mimea kama mpunga kinaweza kufika karibu nusu ya protini yote inayoyeyuka ndani ya jani, na sababu mojawapo ya wingi huo ni kwamba ni kizito kufanya kazi, kimoja kinakamata molekuli chache tu kwa sekunde. Pia kina tatizo la kuchanganya. Kaboni dioksidi na oksijeni zinagombea mlango mmoja, na kwenye nyuzi joto 25 takriban mara moja kati ya nne kinashika oksijeni. Joto likipanda hali inazidi kuwa mbaya. Kikishika oksijeni, kinatengeneza kitu kisichofaa chenye kaboni mbili ambacho kikibaki kloroplasti kinazuia kazi nyingine.

Sasa angalia uokoaji wake unavyopita. Kloroplasti inakibadilisha kile kitu kuwa glaikoleti na kukitoa nje. Peroksisomu inakipokea, inakichoma kwa oksijeni, hapo inazaliwa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda, sumu kali kwa seli, lakini peroksisomu imejaa kimeng'enya cha katalesi ambacho kinaivunja papo hapo kuwa maji na oksijeni. Kinachobaki kinageuzwa kuwa glisini. Glisini inahamia mitokondria. Huko glisini mbili zinaunganishwa kuwa serini moja, kaboni dioksidi moja inapotea, na amonia moja inachomoka. Serini inarudi peroksisomu, inageuzwa tena kuwa glisereti, glisereti inarudi kloroplasti, inalipiwa ATP moja, na hatimaye inaingia kwenye mzunguko wa kutengeneza sukari. Na ile amonia iliyochomoka haiachwi, kloroplasti inaikamata upya kwa gharama ya ATP nyingine.

Robo tatu ya kaboni inaokolewa hivyo. Oganeli tatu, yaani viungo vidogo vitatu vya seli, utando baada ya utando, na hakuna hata moja inayoweza kumaliza kazi peke yake. Ndo maana kwenye picha za darubini ya elektroni utaona peroksisomu imebanana na kloroplasti, na mitokondria imeegemea hapohapo, watafiti waliliona hilo wazi kwenye majani ya tumbaku tangu 1969. Safari hii yote inaitwa fotorespiresheni, na jina hilo limewachanganya wengi kwa sababu haitengenezi ATP kama upumuaji wa kawaida, inazitumia.

Kuna watu wanajaribu kuifupisha. Mwaka 2019 watafiti wa Illinois, Marekani, walitangaza tumbaku waliyoiwekea njia ya mkato ya kumalizia glaikoleti ndani ya kloroplasti, bila kuzunguka kote huko, na shambani mimea hiyo ilizidi mingine kwa uzito zaidi ya asilimia 40. Tumbaku ilikuwa ya majaribio tu, lengo ni mazao ya chakula.

Kwa nini mahindi na mtama vinastahimili joto kuliko mpunga au maharage?

Kwa sababu vimeizunguka shida ya rubisko. Watafiti Hatch na Slack, wakifanya kazi na miwa huko Queensland, Australia, waliieleza njia hii mwaka 1966, inaitwa C4. Ukikata jani la mahindi ukaliangalia kwa darubini utaona seli kubwa zimeuzunguka mshipa kama pete. Seli za nje zinakamata kaboni dioksidi kwa kimeng'enya kingine kisichodanganyika na oksijeni, zinaipakia kwenye asidi ya kaboni nne, alafu zinaisukuma ndani kwenye zile seli za pete. Rubisko iko humo ndani, imezungukwa na kaboni dioksidi nyingi mpaka oksijeni inakosa nafasi.

Kinachonifurahisha ni kwamba mimea haikubaliani wapi mzigo ushushwe. Kwenye mahindi, miwa na mtama kaboni dioksidi inaachiliwa ndani ya kloroplasti za seli za pete. Lakini kwenye mchicha na ulezi inaachiliwa ndani ya mitokondria! Seli zake za pete zina mitokondria nyingi na kubwa, zimepangwa ubavuni mwa kloroplasti, mitokondria inafungua mzigo, kaboni dioksidi inavuka hatua mbili tatu tu imefika kwa rubisko. Yaani mchicha ule wa mafungu wa sokoni, kila jani linakuonyesha mitokondria ikifanya kazi ndani ya usanisinuru wenyewe. Mwanafunzi akinishikilia kwamba mitokondria haihusiki na usanisinuru namwambia akaangalie mchicha.

Sio bure lakini, C4 inagharimu ATP 2 zaidi kwa kila kaboni dioksidi. Kwenye jua kali inalipa, kwenye baridi na kivuli hailipi.

Na mkonge na nanasi?

Hizi zinagawa kazi kwa saa. Matundu ya jani yanafungwa mchana ili maji yasipotee na yanafunguliwa usiku. Kaboni dioksidi inayoingia usiku inawekwa kwenye asidi ya maliki na kurundikwa kwenye vakuoli, lile ghala kubwa la katikati ya seli, na kuisukuma asidi humo kunahitaji ATP, usiku hakuna jua, kwa hiyo mitokondria ndo inalipa. Kukicha asidi inatoka, inavunjwa, kloroplasti inapata kaboni dioksidi yake na milango ya nje imefungwa. Ndo sababu majani ya mimea ya namna hii yana uchachu zaidi alfajiri kuliko jioni. Mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893 ulikubali ardhi kavu kwa ajili ya tabia hii.

Usiku mmea unakula nini?

Wanga uliojiwekea mchana. Kila aliyesoma sekondari amefanya lile jaribio, jani linachemshwa kwenye maji, kisha linawekwa kwenye spiriti ndani ya chombo cha maji ya moto (sio juu ya moto moja kwa moja, tafadhali, nimeshaona nyusi za mtu zikiungua), linatoka jeupe na gumu kama karatasi, unalisuuza, unadondosha ayodini. Jani la mchana linakuwa la bluu nyeusi. Jani la mmea uliofungiwa kabatini siku mbili linabaki rangi ya ayodini tu, kahawia.

Wanafunzi wanaandika "wanga haupo kwa sababu hakuna mwanga" wanasonga mbele. Mi nawauliza, ulikuwepo juzi, umeenda wapi? Hapo darasa linanyamaza. Jibu ni kwamba kloroplasti yenyewe imeuvunja, ikautoa nje hasa kama maltosi, saitoplazimu ikaugeuza, mitokondria zikauchoma. Sukari moja ya glukosi ikichomwa mpaka mwisho inatoa ATP kama 30 hivi.

Na mmea hauli ovyo. Watafiti wa kituo cha John Innes, Norwich, Uingereza, walionyesha mwaka 2010 kwa kimmea kidogo kinachoitwa Arabidopsis kwamba wanga unapunguzwa kwa kasi sawa usiku kucha na karibia kuisha kabisa alfajiri, na wakizima taa mapema kuliko mmea ulivyozoea, mmea unapunguza kasi ya kula ili akiba ifike asubuhi. Mama anayepima unga wa mwisho wa mwezi anafanya hesabu hiyohiyo.

Ni hatari kulala na mmea chumbani?

Hapana. Mwanasayansi Jan Ingenhousz aliona tangu 1779 kwamba usiku mimea "inaharibu" hewa, na hofu imedumu toka hapo. Ila mtu mzima anatoa kama kilo moja ya kaboni dioksidi kwa siku, na ua la kwenye kopo linatoa kidogo mno kulinganisha. Mdogo wako mnayelala naye chumba kimoja anatoa zaidi. We fungua dirisha tu.

Mbegu iko chini ya udongo, haina jani, haina jua. Inaanzaje?

Inaanza na mtaji wa mama yake. Mahindi na maharage yana wanga, huo ni rahisi kuvunja. Kazi iko kwa karanga, ufuta, alizeti na nyonyo, hizi zimebeba mafuta, na mche mchanga unataka sukari. Hapa peroksisomu inarudi kwa sura nyingine, inaitwa glaioksisomu, iligunduliwa kwenye mbegu za nyonyo mwaka 1967. Inakatakata mafuta vipande vya kaboni mbilimbili, inaviunganisha kuwa asidi yenye kaboni nne, mitokondria inaipokea na kuibadilisha, saitoplazimu inamalizia kuwa sukari. Sisi binadamu njia hiyo hatuna, mafuta ya mwilini hatuwezi kuyageuza sukari namna ile. Mche ukishatoka juu na kuona jua, glaioksisomu zilezile zinabadilishwa vimeng'enya vyake na kuwa peroksisomu za jani, tayari kwa ile kazi ya glaikoleti.

Ukitaka kuhisi mitokondria zikifanya kazi, loweka maharage, yakianza kuchipua yajaze kwenye chupa ya chai, weka kipimajoto, ziba na pamba. Kesho yake joto limepanda. Nguvu ambayo haikukamatwa kuwa ATP imetoka hivyo. Na gunia la mchicha lililobanwa likishinda kwenye basi linakuwa la moto ndani kwa sababu hiyohiyo, majani yameng'olewa lakini mitokondria bado ziko kazini.

Kisamvu kina sumu, mbona muhogo wenyewe haufi?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na aliyeuliza ni mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu. Muhogo unahifadhi linamarini, kitu ambacho kikivunjwa kinatoa sumu ya sayanaidi, kwenye vakuoli, na kimeng'enya cha kuivunja kiko kando, kwenye ukuta wa seli. Vikikaa mbalimbali hakuna shida. Mbuzi akitafuna, au we ukitwanga, kuta zinapasuka, vinakutana, inatoka sayanaidi. Sayanaidi inaua kwa kuziba hatua ya mwisho ya mitokondria, pale elektroni zinapokabidhiwa kwa oksijeni, mlango ukizibwa hapo foleni nzima nyuma inasimama na ATP inakata.

Kwa hiyo kutwanga kisamvu sio kukilainisha tu, kila pigo la mchi linapasua seli ili sumu itoke sasa hivi kwenye kinu badala ya kutokea tumboni kwako, na ukikichemsha vizuri iliyobaki inaondoka na mvuke. Kisamvu kilichokatwakatwa tu kwa kisu na kuchemshwa haraka hakijafanyiwa kazi hiyo ipasavyo, jamani msifupishe. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha, watu wakiula kwa wiki nyingi bila protini ya maana, umesababisha konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiotibika, na umeandikwa Kongo, Msumbiji na hapa kwetu Tanzania pia.

Muhogo wenyewe una kinga mbili na zote ziko mitokondria. Ile oksidesi mbadala niliyoitaja juu haizibwi na sayanaidi, elektroni zinapitia huko. Na kuna kimeng'enya kinachoibandika sayanaidi kwenye asidi amino, ikawa kitu ambacho mwisho wake ni asparajini, naitrojeni safi ya kujengea protini.

Mahindi yangu yalituamiwa na maji siku chache yakawa njano. Jua lipo, majani yapo, shida nini?

Shida iko mizizini. Maji yamefukuza hewa kwenye udongo, mitokondria za mizizi zimekosa oksijeni, badala ya ATP 30 hivi kwa glukosi zinabaki ATP 2 tu za uchachushaji. Mzizi hauwezi kusukuma madini, naitrojeni haifiki juu, jani linaanza kunyang'anya protini zake lenyewe, kijani kinaondoka. Mpunga una mifereji ya hewa inayoshuka toka juu mpaka mizizini, ndo maana unasimama majini. Chimba mtaro, maji yatoke, hamna dawa ya kupulizia ya hili.

Ni kweli kloroplasti na mitokondria zamani zilikuwa bakteria?

Ushahidi ni mkubwa. Zina DNA zao, ya kloroplasti ya tumbaku ilisomwa yote mwaka 1986, ina herufi kama 155,000, na zina utando zaidi ya mmoja na zinajigawa zenyewe. Mwanabiolojia Lynn Margulis alilisimamia wazo hili kwenye makala yake ya 1967 mpaka likakubalika. Ila jeni zao nyingi zilishahamia kwenye kiini. Rubisko ni mfano mzuri, vipande vyake vikubwa vinatengenezwa kwa maelekezo ya DNA ya kloroplasti, vidogo kwa maelekezo ya kiini, vinaingizwa na kuunganishwa ndani.

Naweza kuona haya kwa macho, shuleni kwetu hakuna vifaa vya maana?

Darubini ya kawaida inatosha kwa nusu ya kazi. Tafuta gugu la majini lenye vijani vyembamba, lile linalokua limezama, chomoa jani moja changa, liweke kwenye tone la maji, funika, anza na lenzi ndogo. Acha taa iwake dakika kadhaa jani lipate joto. Utaona vidonge vya kijani vimejipanga pembezoni mwa seli, na ukitulia utaona vinatembea, kimoja nyuma ya kingine, vinazunguka ukutani. Hizo ni kloroplasti zikibebwa na saitoplazimu. Mitokondria ni ndogo sana, upana wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita, haina rangi, kwa hiyo hutaiona bila kuitia rangi maalum, lakini iko hapohapo katikati ya vile vidonge, inabebwa na mkondo uleule, na mwendo wote ule unaouona unalipiwa kwa ATP.